Nimeambiwa nipumzike kitandani hadi nijifungue, na nyumba nzima inaniona mvivu

Mama Mkunga, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 32, na ujauzito wangu sasa una wiki 29. Nina binti mmoja wa miaka 5 ambaye nilimzaa kwa upasuaji, na baada yake mimba moja iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Wiki mbili zilizopita, nikiwa darasani nasahihisha madaftari, nilihisi majimaji, na nilipokwenda chooni nikakuta ni damu nyekundu iliyokwisha kulowesha nguo, wala sikuwa na maumivu yoyote. Nilifikishwa hospitali, nikapigwa ultrasaundi, nikaambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa chini na limefunika mlango wa kizazi. Nililazwa siku sita, nikachomwa sindano nne zilizopishana kwa saa kumi na mbili, damu ikakata, kisha nikaruhusiwa kurudi nyumbani kwa maelezo mafupi tu: "Mama, ukapumzike kitandani."

Tangu siku hiyo nimelala. Sijui kama ninaruhusiwa kuketi, kuoga nikiwa nimesimama, au kwenda hata sebuleni, kwa hiyo nimeona heri nisifanye lolote. Choo chetu kiko nje, na kwa kuogopa kwenda huko nimekuwa nikinywa maji kidogo sana. Sasa ni siku ya nne sijapata choo, na miguu inakufa ganzi. Usiku silali. Kila nikigeuka, ninajipapasa kuangalia kama damu imerudi.

Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Tunduma, naye hukaa safarini siku nane au tisa. Mama yake amekuja kutoka kijijini kunisaidia, na ninamshukuru kwa moyo wote, kwa kuwa anapika, anafua na kumpeleka mtoto shule. Hata hivyo kila siku ananikumbusha kwamba mimba si ugonjwa, kwamba yeye alilima mpaka siku ya kujifungua, na kwamba kulala kutwa ndiko kutakakonifanya nishindwe kuzaa. Majirani wakija kunijulia hali huongea naye uani, nami huwasikia wakicheka. Juzi alimleta mama mmoja anayechua matumbo ya wajawazito ili kondo lipande juu. Nilijisingizia usingizi, akaondoka, lakini ameahidi kurudi, na mama mkwe ameniwekea dawa ya mizizi ya kuzuia mimba isitoke, ambayo bado sijainywa.

Kazini nako, meneja wa shule amenieleza kwamba likizo yangu ya uzazi imeanza kuhesabiwa tangu siku niliyotokwa na damu, na kwamba zile siku 84 zikiisha nitatakiwa kuripoti darasani. Nimefanya kazi pale kwa miaka minne na sijawahi kuugua kwa muda mrefu.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ndilo linaloniliza. Mimi ndiye ninayemsuka binti yangu kila Jumapili jioni. Sasa anasukwa na bibi yake, ambaye humvuta, na analia huku akiniangalia. Je, siruhusiwi hata kuketi nikamsuka mwanangu?

Mwalimu, Morogoro

---

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hofu uliyoibeba peke yako wiki hizi mbili. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pamoja: pale unaposema kwamba unakunywa maji kidogo ili usiende chooni. Nitaanzia hapo, kwa sababu hilo linaweza kukudhuru leo hii, kabla ya mengine yote uliyoyaandika.

Maneno "ukapumzike kitandani" yametumika hospitalini kwa miaka mingi kama vile ni dawa, ilhali dawa huwa na kipimo na maneno haya hayana. Daktari mmoja akiyatamka anakusudia kwamba uache kufundisha ukiwa umesimama, usichote maji na usibebe mtoto. Mwingine anakusudia ulale na uamke kwa ajili ya kula na kwenda chooni tu. Wewe hukuelezwa, ukachagua maana iliyo kali kuliko zote. Tafiti zilizofanywa kuhusu kumlaza mjamzito kutwa kucha hazijaonyesha kwamba kulala huko kunazuia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na madhara yake yanajulikana vizuri: misuli hulegea, mifupa hupoteza nguvu, mama huingiwa na sonona, na damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Damu ya mjamzito tayari huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine. Ukiongeza kulala bila kujongea na kutokunywa maji, unaipa kila sababu ya kuganda. Bonge la damu likitoka mguuni likafika kwenye mapafu linaweza kumuua mama ambaye kondo lake halikumdhuru.

Simlaumu daktari wako kwa kukutaka upumzike. Mwanamke ambaye kondo limefunika mlango wa kizazi na ambaye amekwisha kutokwa na damu ana sababu nzito ya kuacha kazi za nguvu, kutokuinua ndoo wala mtoto, kutokusafiri mbali, na kutokukutana kimwili na mumewe hadi ajifungue. Ninachosema ni kwamba ulistahili kuelezwa mpaka wa mapumziko yako. Kwa hiyo, kabla wiki hii haijaisha, rudi kliniki kwa bajaji ya kukodi, ukiwa na mtu wa kukusindikiza na kadi yako ya kliniki mkononi, umuulize daktari jambo mojamoja: kama unaweza kwenda chooni na kuoga mwenyewe, kuketi kwa muda gani, kupanda ngazi, kutembea uani, na ni dalili ipi ikitokea mapumziko hayo yabadilike. Mwombe ayaandike. Maandishi yake yatakusaidia pia ndani ya nyumba, kama nitakavyoeleza mbele.

Mpaka utakapomwona, lala kwa ubavu, hasa wa kushoto, ukiweka mto katikati ya magoti, na usilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu tumbo la umri huo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kila saa unapokuwa macho, zungusha vifundo vya miguu, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako na kuvisukuma mbele, mara kumi au kumi na tano. Weka chupa ya maji mahali mkono unapofika na uinywe. Kama choo cha nje kinakutia hofu, tafuta ndoo yenye mfuniko iwekwe chumbani. Wagonjwa wengi wametumia ndoo, na heshima yao haikupungua. Kuhusu kukosa choo, vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa huchangia, lakini usiviache, kwa kuwa mwenye hatari ya kutokwa na damu anatakiwa awe na akiba. Vimeze pamoja na chungwa na si pamoja na chai, ule mchicha, papai, maharage na ugali wa dona, na umweleze daktari ili akupe dawa ya kulainisha choo iliyo salama kwako. Ganzi ya miguu yote miwili mara nyingi hutokana na kulala bila kujigeuza, lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa wa moto kuliko mwenzake, au ukipata maumivu ya kifua na kubanwa na pumzi, hilo ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa nikueleze kinachoendelea tumboni mwako, kwa sababu naona hakuna aliyeketi nawe akakueleza. Kondo limejishikiza kwenye sehemu ya chini ya mji wa mimba. Miezi ya mwisho inapofika, sehemu hiyo hutanuka na kuwa nyembamba, kondo haliwezi kutanuka pamoja nayo, basi kipande kidogo huachia na damu hutoka, nyekundu na bila maumivu, kama ilivyokutokea. Hukusababisha wewe kwa kusimama darasani, wala haihusiani na mimba iliyoharibika. Damu ya kwanza mara nyingi hukata yenyewe; inayofuata inaweza kuja kwa wingi zaidi, na hakuna anayeweza kukutabiria siku yake. Zile sindano nne zilizopishana kwa saa kumi na mbili, kwa jinsi ulivyozieleza, zinafanana na zile za kukomaza mapafu ya mtoto endapo atalazimika kuzaliwa mapema. Thibitisha jambo hilo kwa kuangalia kadi yako, na kama ndivyo, ujue kwamba mwanao amekwisha kupata msaada mkubwa.

Kuna neno ulilolitaja kwa kupita ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote: kwamba binti yako ulimzaa kwa upasuaji. Kondo likikaa chini kwa mama mwenye kovu la upasuaji, upo uwezekano kwamba limejichimbia ndani ya kovu hilo na halitabanduka kwa urahisi siku ya kujifungua, na hali hiyo huweza kuleta kutokwa na damu nyingi sana. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako. Nasema kwamba ni lazima itafutwe kabla ya siku ya upasuaji. Kondo huchunguzwa tena kwa ultrasaundi katika wiki ya 32 hivi, na pengine tena katika wiki ya 36. Mwambie anayekupima, kwa maneno yaya haya: "Nina kovu la upasuaji, naomba uangalie kama kondo limeingia kwenye kovu." Likiwa limeingia, unapaswa kujifungulia mahali penye madaktari bingwa, damu ya kutosha na chumba cha uangalizi maalumu, na huenda ukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi kama Muhimbili. Kondo likiendelea kufunika mlango utajifungua kwa upasuaji uliopangwa, kwa kawaida katika wiki ya 36 au ya 37 ikiwa damu haitakuharakisha. Ndiyo kusema safari iliyobaki haizidi wiki nane.

Kuhusu yule mama wa kuchua tumbo, sitazunguka: asikuguse. Ni kweli kwamba makondo mengi yanayoonekana chini katika mwezi wa tano huonekana juu baadaye, na nadhani hapo ndipo imani ya kuchua ilipopata nguvu, kwa sababu mama huchuliwa, mwezi wa nane akapimwa, kondo likakutwa limepanda. Kinachoinua kondo ni mji wa mimba wenyewe unapokua, ukuta wake ukilibeba kuelekea juu. Mikono ya mtu haiwezi kufanya kazi hiyo, ila inaweza kulibandua. Dawa ya mizizi nayo usiinywe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huufanya mji wa mimba ubane, na kubana ndiko tunakokukimbia. Kwa sababu hiyohiyo, popote utakapopokelewa, hata na muuguzi mwenye haraka usiku wa manane, sema mapema kwamba kondo limefunika mlango na usipimwe njia ya uzazi kwa vidole.

Mama mkwe wako simwoni kuwa adui. Mtu aliyeacha shamba lake akaja kufua nguo zako anakupenda, na akimleta mchua tumbo ni kwa sababu naye anaogopa, ila hofu yake inapita njia anayoijua yeye. Anaposema kwamba walilima hadi siku ya kujifungua, anasema kweli kuhusu wale waliosalimika. Waliotokwa na damu shambani hawapo uani kwako kusimulia, na mwanamke wa umri wake hakosi kumkumbuka mmoja. Mwombe awe ndiye anayekusindikiza kliniki. Mwombe daktari amweleze yeye mwenyewe, kwa heshima ya utu uzima wake, mahali kondo lilipo na kwa nini tumbo halichuliwi. Nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na nimewaona mama wakwe waliokuja na vichupa vya dawa wakiondoka wakiwa walinzi wakali kuliko sisi. Mazungumzo ya kumkataza ayafanye mumeo, kwa kuwa ni mama yake; mpigie simu huko aliko leo, umsomee barua hii kama huna nguvu ya kueleza. Yeye ndiye awaambie na majirani, kama kuna haja ya kuwaambia.

Shuleni, meneja wako amechanganya likizo mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ya siku 84 ni haki nyingine, ambayo unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji hivyo. Angalia hesabu. Ukikubali likizo ya uzazi ihesabiwe tangu wiki ya 27, siku 84 zitakwisha ukiwa katika wiki ya 39, na mtoto akizaliwa wiki ya 37 utatakiwa darasani akiwa na wiki mbili, nawe una mshono wa pili tumboni. Ukiomba likizo ya ugonjwa, kutoka wiki ya 27 hadi ya 37 ni siku 70: siku 63 kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, na siku zako 84 zinabaki zote za kumlea mtoto. Andika barua leo, ambatanisha cheti cha daktari, bakiza nakala yenye saini ya aliyeipokea. Wakikataa, nenda kwa ofisa kazi, au mtume mumeo, na mgogoro ukiendelea kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika barua yako usiombe radhi kwa kuugua.

Iliyobaki ni mipango ya siku damu itakaporudi, na ningependa ifanyike wakati bado imetulia. Tone moja la damu, tumbo kubana na kuachia, maji kuvuja, au mtoto kupunguza kucheza, yote ni ya kwenda hospitali bila kusubiri asubuhi wala mumeo. Namba 115 ni ya bure. Ni ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, na mama mkwe aijue kwa kichwa. Pamoja na hiyo, uwe na namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala jirani, mkoba uliofungwa karibu na mlango, na kadi juu yake. Tafuteni pia ndugu watatu au wanne wenye afya, wenye uzito wa kilo 50 au zaidi, waende kuchangia damu hospitalini mapema. Si lazima iwe ya kundi lako, na hapo ndugu wa mume wanaweza kukusaidia kuliko kwa maneno. Ukiona kwamba kutoka nyumbani hadi hospitali usiku ni safari ndefu, muulize daktari kuhusu kuhamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali kuanzia wiki ya 34, au kulazwa.

Kukesha kwako usiku ukijipapasa hakutapungua kwa kuambiwa usiogope, kwa maana hofu yako ina msingi. Ila unaweza kuiwekea mipaka. Vaa pedi nyeupe, iangalie unapokwenda kujisaidia au unapohisi majimaji tu. Asubuhi badilisha nguo za kulalia hata kama hutoki, uhamie kwenye mkeka wenye godoro sebuleni daktari akiruhusu, ili kitanda kibaki cha usiku na uwe mahali watu walipo. Mwalimu hakosi kazi ya kufanya kwa mdomo: msikilize binti yako akisoma, simamia mboga zinavyopikwa, andaa masomo ya muhula ujao ukipenda. Na kama huzuni itakuzidi hata kula usiweze, au ukaanza kuona bora usiwepo, mwambie mkunga siku hiyohiyo. Hilo nalo ni tatizo la ujauzito, lina tiba kama mengine.

Nimeliacha swali lako la mwisho hadi sasa kwa sababu hilo nalijibu kwa furaha. Muulize daktari kuhusu kuketi, nami sioni sababu ya yeye kukukatalia kuketi ukiwa umeegemea. Jumapili jioni wekewa mito mitatu mgongoni, nyoosha miguu, umkalishe binti yako kwenye kigoda kando ya kitanda, akuegemee ubavuni na si tumboni. Msuke mistari michache, minene, isiyochukua zaidi ya nusu saa, na ukichoka kabla hujamaliza mwite bibi yake aje aketi hapo karibu, umwonyeshe namna unavyomshika nywele bila kumvuta.

Mama Mkunga